Mwenye Nyumba

Nilikuwa natoka Nkinga na bahasha ya kaki,
ndani yake paja la mama katika picha nyeusi,
ufa umepita katikati kama njia ya mchwa.
Daktari alisema: umri. Kisha akasema: tutaona.
Nilipeleka ushahidi kwa kaka zangu, ng'ambo ya Wembere,
wauze ng'ombe.
Tumeiacha Igunga nyuma, pikipiki ikakohoa, ikazima.
Mihayo akatikisa tangi, akasikiliza, akasema
ningoje kivulini (kivuli gani?)
au nikalione lile dubwana,
"liko hapo tu, ukivuka magadi."

Hapo tu ya Mihayo ni mwendo wa saa nzima.

Wembere mwezi wa Tisa haina adabu.
Ardhi imepasuka vigae vigae,
chumvi imechanua pale maji yalipofia,
kisulisuli kinajifunga kanga ya vumbi,
kinacheza peke yake, kinachoka, kinakaa.
Kwato za ng'ombe wa masika zimekaukia pale pale,
kila moja kibakuli kinachokinga jua.
Nilimwona nzi mmoja. Nikafurahi kuwa naye.

Nguzo nne, kamba ya katani, turubai la bluu,
na mlinzi, Shigela Kashinje:
koti la mgambo, redio isiyo na betri,
mshahara wa miezi mitatu uko njiani.
Akaliandika jina langu katika daftari la shule.
Nilikuwa mgeni wa kumi na tisa tangu Pasaka.
"Vua viatu," akasema. "Si msikiti,
ila kuna vipande vidogo."

Akafunua.

Sikuona mnyama. Niliona jiwe lenye tabia ya mfupa:
uti wa mgongo kama utungo wa shanga uliokatika uzi,
pingili kumi na moja, pengo, kisha pingili mbili,
mbavu zimeuma udongo na hazitaki kuuachia.
"Mjusi," Shigela alisema. "Wataalamu walimpa jina refu,
nikalisahau kabla vumbi la gari lao halijatulia.
Mimi namwita Mwenye Nyumba.
Sisi wengine hapa ni wapangaji."

Kisha paja.
Walikuwa wamelivisha gunia na plasta,
tayari kwa safari ambayo gari lake halijarudi.
Plasta ile ile ya wodini. Hata harufu.
Nikacheka vibaya, Shigela akashtuka,
nikamtolea bahasha.

Aliinyanyua picha ya mama juani
kwa mikono miwili, kama mtu anayekagua noti,
na jua la Wembere likapita ndani ya mama,
likamwangukia yule mjusi, kivuli cha kijivu.
Akanyamaza. Akapiga goti pale plasta ilipobanduka,
akashika kidole changu, akakipitisha juu ya jiwe:
nundu. Fundo, kama la muwa.
"Hapa ulivunjika," akasema. "Na hapa ukaunga."

Miaka mingapi? Akasema wao huhesabu kwa mamilioni,
yeye huishia kwenye ng'ombe mia mbili.
Lakini fundo lile halikudai hesabu.
Kabla ya mgunga wa kwanza, kabla pahali hapa
hapajapata wa kupaita,
mnyama mmoja alijikokota kwenye tope hili
lilipokuwa bado tope, akichechemea,
bila wa kumpikia uji, bila wa kumgeuza ubavu,
akala alichokifikia, akalala, akaamka,
mpaka mfupa ukakubali.
Halafu akafa kwa jambo jingine.

Sikusema mama atapona. Shigela naye hakusema.
Alifuta picha kwa upindo wa shati, akairudisha bahashani,
akaniomba betri mbili nikipita tena.
Kubwa, alisisitiza. Zile kubwa.

Mihayo alikuwa amepata lita moja kwa mchunga punda.
Njia nzima bahasha ilikuwa kifuani,
na kidole hiki nimekinyoosha pembeni,
sikukifuta.