Baiskeli Isiyokwenda

Tartu, Novemba. Saa kumi tu, na giza limeshaketi mezani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Barafu imeilamba njia ya baiskeli hadi mtoni,
na goti la kushoto la Maimu,
lililosambaza barua miaka thelathini na moja,
linasema: mwaka huu, mama, hapana.

Daktari naye: usikae. Goti likikaa huota kutu.

Dukani, Rauno, kucha nyeusi kwa mafuta ya mnyororo,
anamwonyesha.
Hii ina feni: unavyokaza, upepo nao unakaza.
Akakanyaga. Kalenda ikapepea ukutani,
duka likanguruma,
na Maimu akamkumbuka Heldur wa ghorofa ya chini
anayegonga dari kwa mpini wa ufagio
hata kijiko kikianguka.

Hii ya sumaku. Kelele kiasi, bei kiasi.
“Kama ndoa ya dada yangu,” akasema Maimu.
Kijana hakujua acheke au atazame chini.

Na hii, gurudumu la nyuma unalitoa kabisa.
Inazungumza na simu, inakuonyesha milima ya Alpi,
inakupandisha.
“Inipandishe niende wapi?”
Bei yake: pensheni ya miezi miwili,
na mkate wa wiki moja juu.

Mchagua jembe si mkulima.
Haya. Lakini aliyelima akachoka
tumwachie achague.

Chini ya rafu, kwenye vumbi, rola tatu za chuma,
fremu, mkanda wa mpira, basi.
“Hizo hapana,” Rauno akasema.
“Hizo haziishiki baiskeli. Ukiwaza mengine, unaanguka.”

Akatoa pochi.

Akaziweka katikati ya miimo ya mlango wa jikoni.
Jumatatu alianguka kwa bega la kulia.
Jumanne kwa la kushoto, na matusi
aliyojifunza posta.
Alhamisi mkono uliachia mwimo, hesabu tatu, hesabu kumi,
magurudumu yakaimba kama birika kabla ya kuchemka,
akapita, macho wazi, mtaa wake wa zamani:
namba nne, wenye mbwa;
namba tisa, kisanduku kisichofunga;
namba kumi na saba, yule mama aliyengoja barua
akipokea bili.

Kisha ufagio. Ko, ko, ko.

Ijumaa hakupanda. Aliosha vyombo taratibu,
akikishika kila kijiko kama yai.

Saa mbili usiku mlango ukagongwa.
Heldur, ndara miguuni, anahema,
ngazi arobaini na mbili amezipanda
yeye asiyepanda hata kuchukua gazeti.
“Leo kimya,” akasema. “Nikadhani…”
Hakumaliza.
Kwapani alikuwa na kipande cha zulia la manyoya,
kimeliwa na nondo pembeni.

“Hiki kitandike chini ya chuma chako.”

Alishashuka ngazi sita alipogeuka.

“Ila kisimeze sauti yote.”