Mkebe wa Halua

Thuwaiba, huo usiutie kwenye mifuko ya taka.
Najua kifuniko kina kutu, najua
halua yake tuliimaliza Idi ya mwaka uliozaliwa,
na jambia lililochorwa pale juu
limebaki ala tupu.
Lori la kwenda Barka litangoja.
Dereva mpe kahawa.
Wewe kaa.

Karatasi hii iliyofifia ni risiti ya sonara wa Matrah.
Bangili sita. Zilikuwa za bibi yako,
zilivuka bahari zimeshonewa ndani ya mto wa usufi,
nami nikaziuza asubuhi moja,
mwezi wa nne baba yako hana kazi.
Nilirudi Mabela na mkono mwepesi, kama si wangu.
Usiniulize kama zilirudi. Hazikurudi.
Lakini isome tarehe: fedha zile ziliishia kwenye kodi Jumatano.
Alhamisi, adhuhuri haijaadhiniwa, hodi.
Bi Gulnaz, jirani yetu Mbalushi,
Kiswahili hajui, Kiarabu changu cha kuungaunga,
kasimama mlangoni na gunia la mchele kichwani.
Akalitua. Akaonyesha juu kwa kidole.
Akaenda zake.
Nani alimwambia?
Mimi nilikuwa nimeuambia mswala peke yake.

Taratibu na hicho, kitavunjika.
Ni tope. Tope la wadi,
la usiku ule wa tufani, maji yalipoingia bila salamu
yakalibeba friji likaelea kama ng'ombe mfu.
Baba yako alikupandisha darini mabegani,
una miaka mitatu, umeng'ang'ania nywele zake,
unaniuliza:
mama, bahari imekuja kututembelea?
Kulipokucha yakashuka. Sebuleni, pale panapopigwa na jua,
wewe ndiye uliyekanyaga mwanzo.
Tazama. Kisigino chako hiki. Vidole vitano.
Magodoro tulitupa, mazulia tulitupa,
msahafu uliolowa tukauzika kwa heshima.
Hiki nilikikata kwa kisu,
kama mtu akatavyo halua.

Na utepe huu wa plastiki ni wa hospitali.
Baba yako jina lake Nasor; wao wameandika Nasra.
Siku tisa moyo wake unahesabiwa na mashine,
na siku zote tisa yeye ni Nasra.
Alipofumbua macho akausoma mkono wake
akacheka, na kucheka kunamuuma,
akazidi kucheka.
Nilichoweka humu ni kicheko.
Plastiki ni ganda lake.

Hiyo... hiyo nipe mwenyewe.

Soksi moja. Ya Is-haq, aliyekutangulia.
Siku kumi na moja.
Niliomba, Thuwaiba. Mswala uleule,
paji la uso mahali palepale.
Safari ile hakuna aliyebisha hodi.

Miaka mingi sikuitia humu.
Ilikaa kabatini chini ya kanga za kuzikia,
nikidhani mkebe ni wa niliyopewa tu.
Kisha usiku mmoja wa Ramadhani, watu wamelala,
natafuta uzi, nikaishika.
Sijui. Nikaufungua mkebe nikaiweka
kati ya tope na risiti.
Haikutaka nafasi kubwa.

Jibu sikupata. Wala leo sinalo, usije ukadhani
mama yako ana siri ya kukurithisha.
Ila aliyemtuma Gulnaz ndiye aliyekuwa macho usiku ule,
na mimi Mola wangu
simkumbuki nusunusu.

Haya, funga. Bonyeza kwa kiganja,
upande wa kushoto haukazi vizuri.
Utaupakata wewe, mbele,
usiuweke nyuma pamoja na makochi.
Na tukipita pale darajani, wadi kavu,
mbuzi wanatafuna makaratasi,
utausikia unagonga kidogo kwa ndani.
Usiuzuie.
Uache ugonge.