Ghorofa ya Kumi na Moja, Upanga

Lifti imekufa tangu mfungo.
Mwenye jengo kabandika karatasi: Samahani, fundi yuko njiani.
Fundi huyo labda anatokea Kigoma kwa miguu.

Mimi ndiye mlinzi, Aminiel, zamu ya usiku:
rungu, tochi, sweta la kampuni lisiloijua baridi.
Baridi naijua mimi.
Miaka tisa nilibeba mahema ya watu hadi Barafu,
minne nikawaongoza wenye mahema,
mpaka goti la kulia likanigomea: wewe nenda, mimi nabaki.

Bi Gulshan wa ghorofa ya tatu alivunjika nyonga.
Daktari kamwambia dawa ni ngazi.
Akaniita, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Kariakoo ya zamani:
Wewe Mchaga, si ulikuwa unapandisha Wazungu?
Basi nipandishe na mimi, mpaka juu ya paa. Nalipa.
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Siku ya kwanza ghorofa moja tu, kisha kurudi.
Nina nguvu bado, akalalamika.
Wote huwa nazo siku ya kwanza, mama, kule msituni.
Panda juu, lala chini. Mlima hauna siri nyingine.

Nilimfanyia yote niliyofundishwa.
Maji kabla ya kiu.
Umekula? Umelala? Kichwa je?
Nikamulika kucha zake, kama zimeingia rangi ya zambarau.
Akitaka kuzivamia ngazi namtangulia,
nampunguzia mwendo kwa mgongo wangu.
Pole pole sikumwambia;
neno hilo tuliwauzia wageni hadi likachakaa.
Nilimwambia ahesabu. Akahesabu kwa Kigujarati.

Usiku wa nne, kati ya saba na nane,
pale balbu ilipoungua na hakuna wa kuijali,
alikaa juu ya ndoo ya rangi, akahema, akauliza:
Kuna aliyewahi kukufia?
Nikainama kufunga kamba ya kiatu
ambayo haikuwa imefunguka.
Anaitwa Kiwia, nikasema. Anaitwa, si aliitwa.
Mvua, usiku wa Karanga, raba za turubai.
Mzigo wake kilo ishirini kamili,
mizani ya getini ilisema kweli.
Mizani haipimi viatu.

Hakunipa pole.
Alinyoosha mkono nimwinue.

Usiku wa mwisho tuliondoka saa sita, kama kule,
tochi yangu ikiangaza visigino vyake.
Ghorofa ya kumi alilia kidogo, akatukana kidogo,
lugha siijui, na kiongozi mwenye adabu hasikii.
Nikafungua kufuli la paa.

Matangi ya maji. Antena. Kamba yenye soksi moja.
Joto la Dar lilikwisha kufika kabla yetu,
limejikalia kama mwenye nyumba.
Ng'ambo, Muhimbili taa zote zawaka,
mtu anazaliwa pale, au kinyume chake.
Sasa tunafanya nini? akauliza.
Dakika kumi, mama. Picha moja. Halafu tunashuka.
Siku sita kwa dakika kumi?
Huuliza hivyo wote.

Kushuka ndiko goti langu lilikosema yake.
Alinishika bega, au mimi nililishika lake,
giza lile nani ajuaye.

Asubuhi bahasha: laki moja na ishirini.
Nikaigawa juu ya meza ya getini
kama tulivyogawana Mweka, tope hadi magotini:
fungu la kiongozi, la mpishi, la wagumu.
Mpishi sikuwa naye; fungu lake nikalila kwa chapati na supu.
La wagumu nikalituma kwa simu, kwa mke wa Kiwia.
Ujumbe ukarudi upesi: Shemeji, hizi za nini?

Nikaandika. Nikafuta. Nikaandika.
Fundi wa lifti alinikuta hapo hapo, simu mkononi,
begi la spana begani, jasho limemlowesha,
akaniuliza ngazi ziko upande gani.