Bonyeza Kulia

Saa mbili na robo, Barabara ya Kumi na Nane,
chai ya mkandaa haijapoa, simu inaita.
Ni Bi. Nakijwa, katibu wa wastaafu wa reli.
Yeye yuko Korogwe, mimi niko Ngamiani,
na kati yetu mkonge, mkonge, na mtandao wa kubahatisha.
"Mwanangu, barua zimepata wazimu."

Jana alituma moja tu, ya mkutano wa Jumamosi,
mistari miwili na salamu, kwa watu mia na kumi na wanne.
Leo kila mmoja ameamka na barua mia tatu.
Mzee Kaniki anataka atolewe.
Simu ya mweka hazina imejaa mpaka imezima.
Mama Fumbwe yake hataki hata kuishika.

"Unaona nini?" namuuliza,
swali langu la kwanza kila siku,
tabibu wa nyuma ya ukuta.
"Naona picha ya mjukuu wangu."
Hiyo iache. Fungua programu ya orodha.
"Imefunguka. Imejifunga. Sasa inataka nywila."
Nywila tuliiandika kwenye daftari la kijani.
"La kijani nilimpa mtoto achoree."
Nasikia kuku wake, nasikia bodaboda,
nasikia kurasa zikipekuliwa moja moja.
"Hii hapa, chini ya mkia wa twiga."

Sasa weka kishale kwenye barua ya juu, bonyeza kulia.
Kimya.
"Nilie?"
Upande wa kulia, mama! Wa kipanya!
Anacheka mpaka anakohoa,
nami nacheka, chai inanimwagikia gotini.

Kisha ananisomea, kwa sauti ya kutangaza ratiba:
*Nipo safarini. Nitajibu nikirejea. Hizza Shekiondo.*
Na inayofuata?
*Nipo safarini.*
Na ile ya chini yake?
"Zote, mwanangu. Zote yuko safarini."

Namweleza: huyu aliacha jibu linalojituma lenyewe.
Barua ikimfika, linajibu. Jibu linarudi kwenye orodha,
orodha inaligawa kwa wote, naye yumo kwa wote,
linajibu tena. Nataka kurudia polepole, ananikatiza:
"Usinifundishe mambo ya njia.
Miaka ishirini na sita niliruhusu treni pale Mnyusi.
Treni haiondoki dereva hajakabidhiwa tokeni.
Hapo kwenu tokeni kashika nani?"

Hakuna aliyeshika.
Programu ile mpya niliiweka mimi, wiki iliyopita,
na kile kisanduku cha *majibu yaende kwa wote*
nilikitia tiki mimi, nikiwahi futari.
Hilo sikulisema. Nikasema:
basi mpigie Mzee Hizza, alizime hilo jibu.

Kimya tena, wala hakifanani na kile cha kwanza.
"Hizza tulimzika Machi."

Kuku wamenyamaza, au nimeacha kuwasikia.
Namwambia, pole. Namwambia, kuna kitufe chekundu
pembeni ya jina lake, kimeandikwa Futa.
"Nakiona."
Kibonyeze.
"Sikibonyezi. Yeye ndiye aliyeniandika kazini.
Kufuta, nitafuta meza."

Napekua mipangilio upande wangu, jasho linanitoka,
mpaka nalipata neno dogo, la kijivu: Simamisha.
Jina linabaki, barua haziendi.
"Behewa kwenye njia ya pembeni," anasema.
"Hapo sawa. Nibonyeze wapi?"

Upande wa kuume, mama.
"Wa nini?"
Wa kuume.
Anaguna. "Sema kulia tu, mwanangu. Nilishalia."

Nakiondoa kisanduku changu, namkiri kosa,
ananiita mpuuzi, bila hasira.
Tunatuma barua ya majaribio, neno moja: *Hamjambo.*
Tunangoja dakika tano, simu masikioni, bila kuongea.
Walioorodheshwa: mia na kumi na wanne.
Waliopelekewa: mia na kumi na watatu.
Hakuna jibu lililojituma.
Kisha Mama Fumbwe, kwa mkono wake mwenyewe:
*Hatujambo. Huyo amefika?*