Penseli, Si Wino

Novemba, Butte, jimbo la Montana.
Theluji imekaa dirishani kama mgeni asiyejua kuaga.
Mama yuko zamu ya usiku, anakunja mashuka ya hospitali,
na Milka, mdogo wangu, ametandaza mezani
karatasi ya kufungia nyama, ndefu kuliko mkono wangu,
kaichora mistari kwa penseli.
"Si wino," anasema. "Wino una kiburi."

Vyuo kumi na tisa.
Namtazama kama mtu aliyebeba friji peke yake.
Kumi na tisa, Milka? Kila ombi lina ada,
sabini hapa, themanini pale,
utamaliza pesa za matairi mlangoni
kabla hujaulizwa hata jina.

Anataka kemia. Kemia ya maji.
Amekulia juu ya lile shimo la shaba
lililoachwa likajaa maji ya rangi ya kutu,
na tangu darasa la tano swali lake ni moja:
kilichoingia humo kitatolewaje?
Bwana Tregoning alimwazima kipima asidi cha shule,
hajamdai mpaka leo.

Tunaanza kupunguza.
Hiki, mwaka wa kwanza huruhusiwi kugusa chupa ya maabara.
Hiki kina jina. Jina tu.
Hiki huchukua watu wanne katika mia.
"Kibaki," anasema. "Mbuzi hula urefu wa kamba yake,
lakini nani kamkataza kunyoosha shingo?"
Kinabaki.

Vitatu vinamfaa, alama zake zimeketi katikati ya alama zao.
Na kile cha jimbo, saa moja na nusu kwa gari,
kitamchukua hata akiandika insha huku anasinzia.
Namwambia: kukubaliwa ni nusu ya uhakika.
Nusu ya pili ni bili.

Nimesema kwa sauti kuliko nilivyokusudia.
Mihula mitatu nilisoma uhandisi huko mashariki.
Barua yao ilikuwa ya karatasi nzito, mama akaiwekea fremu,
hakuna aliyesoma mistari ya chini.
Kukopa harusi, kulipa matanga:
mwaka wa sita huu natengeneza maboila,
na kila tarehe kumi na tano nalipia
shahada ambayo sina.

Anavuta kikokotoo.
Anaingiza mshahara wa mama. Anaingiza sifuri ya baba.
Kile chuo cha bei ya kutisha
kinashuka, kinashuka tena,
kinatua chini ya kile tulichokiita rahisi.
Anarudia hesabu. Narudia na mimi, kwa vidole vyenye grisi.
Kumbe bei iliyobandikwa mlangoni
siyo wanayokutoza ukiingia.

Saa sita na robo usiku, vimebaki vinane.
Kidole chake kimesimama kwenye jina
nililolivaa kifuani,
sweta ya kijivu, imechakaa viwiko.
Ruzuku: ndogo. Mkopo: elfu arobaini na moja, kila mwaka.
Hasemi kitu. Ananingoja.

Nataka kumwambia wana maabara ya ghorofa tatu.
Nataka kumwambia maktaba ilikuwa na taa za kijani,
kwamba usiku mmoja wa Februari nilitatua mlinganyo pale
nikacheka peke yangu hadi mlinzi akaja.
Nilikuwa na furaha kule, Milka.
Hilo sijamwambia mtu.

Nasema, "Futa."

Raba haifuti yote.
Jina limebaki kama mkwaruzo kwenye karatasi ya nyama,
ukiinamisha taa unalisoma.
Milka anapuliza makombo,
anahesabu saba,
anaenda kulala bila kuosha kikombe.

Alfajiri natoka na koleo,
nisafishe theluji mama apate pa kuegesha.
Baridi haina adabu, na koti liko kwenye gari.
Navaa sweta ileile, nimeigeuza,
manyoya nje, herufi ndani.
Zinanikuna kidogo.