Nondo wa Milimita Kumi

Mimi ni fundi wa nondo. Nakata, napinda, nafunga,
za kumi na mbili, za kumi na sita,
na hapa Kiwira wanajua ringi zangu hazichezi.
Basi mama aliponipigia, "Anyosisye,
matembele yananiisha kwa nondo,"
nilicheka, nikamuuliza: za milimita ngapi?

Hakucheka.
Alinionyesha rando moja limenyauka nchani
wakati wenzake wamenona,
na kwenye pingili unga kama wa msumeno,
mbichi bado, kana kwamba ndani kuna seremala.

Nikapasua shina kwa wembe.
Alikuwemo, mwembamba kuliko njiti ya kiberiti,
rangi ya maziwa yaliyotiwa maji,
kalala katika ushoroba alioutafuna mwenyewe.
Yai hutagwa chini ya jani changa, mama akasema,
moja hapa, moja kule, usiku wa ukungu.
Kiwavi akitoka hahangaiki na jani:
hutoboa, huingia, na mvua yote ya Rungwe
haimlowanishi tena.

"Ukiyang'oa haya yote?"
"Atarudi kwa binamu yake." Akanyoosha kidole mpakani,
kwenye mtambaazi wa maua ya tarumbeta, ya zambarau,
uliopanda mgomba bila kupandwa na mtu.
"Kule ndiko kwao. Kwangu anakuja kula tu."

Rando la pili nililipasua taratibu zaidi.
Huyu alikuwa amekwisha kulala. Shuleni wanaita pupa,
pupa isiyo na haraka yoyote.
Na pembeni yake, ukutani, dirisha:
kalitafuna mpaka kwenye ganda, akaacha
ngozi nyembamba kama ya kitunguu,
kwa sababu atakayetoka hana meno.

Nimejenga nyumba kumi na moja.
Mara ngapi nimesahau tundu la bomba,
kesho yake nikatindua zege langu mwenyewe?

Rando la tatu sikulipasua. Nililitia chupani,
nikafunga mdomo kwa kipande cha chandarua.
Siku ya tisa alikuwa ametoka:
mabawa ya mbele yamechanika vipande viwili,
ya nyuma vitatu, manyoya matupu,
kama aliyeshonewa na fundi aliyeishiwa kitambaa.
Akatulia, mabawa kayanyoosha, herufi T,
nondo mbili zilizokutana
kabla waya haujafika.

Niliondoa chandarua.
Mama aliniona. Akatazama chupa, akatazama shamba,
akasema leo mboga ni maharage.