Karatasi Ndani ya Lifti

Lifti yetu ya Gldani ilikuwa ikila sarafu.
Tetri kumi kupanda, kushuka bure,
na miaka kumi na tisa mimi, Nazibrola wa ghorofa ya sita,
nilishika ufunguo wa kisanduku chake.
Kila Ijumaa nikimimina, nikihesabu, nikiandika jumla.
Hayo ndiyo maandishi yangu yote duniani:
tarakimu, na sahihi.

Kisha wakaleta kadi. Kisanduku kikang'olewa,
ukutani pakabaki mraba wa rangi ya zamani,
kijani kibichi, na matundu manne ya skrubu.
Wiki nzima nikipanda, nikishuka,
mraba ukinitazama kama mtu aliyeuliza swali
na hana haraka.

Siku ya kwanza nilinunua kalamu tatu.
Ya pili nikatafuta jina.
"Sauti ya Jengo Letu." Nikafuta; mimi si waziri.
"Mawazo." Ya nani? Nikafuta.
"Kutoka ghorofa ya sita." Hili nikaliacha lilale pale.
Siku ya tatu nikalipigia mstari chini.
Ya nne nikaupigia mwenzake.
Ya tano dada yangu Zhuzhuna akapiga simu kutoka Batumi:
"Umefikia wapi?"
Nikamjibu, "Mistari miwili,"
wala sikusema ni mistari ya namna gani.

Nilidhani anayeandika huanza akiwa na jambo.
Mimi nina lipi?
Najua sarafu mia zina uzito gani kwenye soksi.
Najua baridi ya shaba asubuhi ya Januari.
Najua kwamba mwaka ule theluji ilipoziba mlango wa chini
mtu alilipia safari yake kwa kifungo cha koti.

Basi nikaandika hicho.
*Kifungo cha kahawia, matundu mawili, ukingo umemeguka.
Ninacho bado, kwenye kikombe cha chumvi.
Mwenyewe aje akichukue.
Simdai kitu.*

Nikaibandika saa saba usiku, ndala miguuni,
moyo ukinidunda kama mwizi
anayerudisha alichoiba.

Jumatatu, kimya.
Jumanne, kimya, na harufu ya kabichi ya mtu.
Jumatano kijana Gocha akaichorea masharubu,
sijui alimchorea nani, maana hakuna uso pale,
ni maneno tu, nayo yakawa na masharubu.
Alhamisi, wino mwekundu.

Herufi zetu ni thelathini na tatu
na mbili kati yake nilikuwa nimezibadilishia viti.
Duara jembamba, mshale, sahihisho pembeni.
Mwandiko ule naujua: ni Mzevinar, mwalimu, ghorofa ya tatu,
ambaye hatujasalimiana tangu ugomvi wa bomba la maji.
Nikarudi ndani uso umeniiva.
Nikaziweka kalamu zote tatu kwenye droo ya vijiko.

Nilikuwa namenya viazi liliponijia:
kosa lile lilikuwa kwenye neno la mwisho.
La mwisho kabisa.
Mzevinar alikuwa amefika huko.

Kisu kikabaki mkononi, ganda likining'inia.

Tariel, fundi viatu, anasema lifti ilimkwamisha
kati ya nne na tano, dakika arobaini,
akaisoma mara kumi na moja.
"Nyingine iwe ndefu," akasema,
"maana lifti hii naijua mimi."

Usiku wa leo naandika ya pili.
Ni habari ya mwanamke aliyekuwa akipanda kwa ngazi
mpaka ya tisa, na mikoba,
ili mwanawe apate zile tetri kumi.
Bado sijui itaishaje.
Jina limesimama juu, halina mstari.
Na chini nimeacha nafasi,
upana wa vidole vinne,
ya wino mwekundu.